Fundi wa Chekereni na Lumbesa ya Dukani

Kabla hajagusa bisibisi, fundi hugeuza. Televisheni huilaza kifudifudi juu ya blanketi kuukuu, sabufa huielekeza uso ukutani, simu huilaza kioo chini juu ya kitambaa. Tangu nimfahamu sijamwona akianza na uso. Siku nilipomuuliza sababu, alijibu bila kuinua kichwa: "Uso ni wa dukani. Mimi nasoma mgongo."

Kibanda chake kiko Chekereni, kwenye tambarare ya mpunga chini ya mji wa Moshi. Ni mabati, meza ya mbao nene yenye madoa meusi ya kuungua, na dirisha lisilo na kioo linalotazama majaruba. Asubuhi na mapema kilele cha Kibo huonekana juu ya paa la jirani, kama kitu ambacho mtu alikiweka pale akasahau kukichukua. Ikifika saa nne kimeshajifunika mawingu, na fundi husema hiyo ndiyo saa nzuri ya kazi, kwa kuwa hakuna tena cha kutazama.

Ukitaka kuielewa kazi yake, anza na mfuko wa mteja wake. Skimu ya umwagiliaji ya Lower Moshi ilijengwa kati ya mwaka 1984 na 1987 kwa mkopo wa Japani: hekta 2,300, kama 1,100 kati yake zikiwa za mpunga, maji yakitoka mito ya Rau na Njoro. Chuo cha mafunzo ya kilimo, KATC, kiko hapa hapa Chekereni, na wakulima kutoka mikoa mingine wamekuja kujifunza kupanda mpunga kwa mistari. Hela ya huku haiji kidogo kidogo kama mshahara. Inakuja kwa mkupuo baada ya mavuno, na wiki mbili tatu hazijapita imeshapanda daladala kwenda mjini, ikirudi jioni imegeuka boksi. Wauza vifaa vya umeme mjini wanaijua kalenda hiyo kuliko bwana shamba.

Siku ninayoisimulia nilikuwa nimepeleka redio yangu iliyonyamaza ghafla. Nikaambiwa nisubiri, kwa sababu mezani palikuwa na sabufa ya kijana wa bodaboda, na fundi hafanyi kazi mbili kwa wakati mmoja. Nikavuta kigoda. Mimi ni mtu wa haraka, lakini pale kibandani haraka yangu huwa inaona aibu.

Usoni mwa sabufa ile paliandikwa kwa herufi za fedha: 12,000W. Fundi aliigeuza, akafuta vumbi kwa kidole, akanionyesha kibandiko kidogo: 230V, 50Hz, 45W. "Hebu nipigie hesabu," akasema. "Pasi ya nyumbani inakula wati ngapi?" Nikasema kama elfu moja. "Basi hii dukani waliiuza kama pasi kumi na mbili zikiwaka pamoja. Na plagi yake ina fyuzi ya ampea 13. Kwa volti 230 fyuzi hiyo inapitisha wati elfu tatu tu, ikizidi inakatika. Hizo elfu tisa nyingine zinapita wapi?" Alicheka kidogo, akashika bisibisi. Kwa muda mrefu, kifaa hakiwezi kutoa zaidi ya kinachokula. Anayelisha ng'ombe debe moja la majani hategemei maziwa ya madebe kumi.

Alipofungua mfuniko hakugusa bodi. Kwanza alichukua balbu ya pikipiki iliyolehemiwa nyaya mbili, akazigusisha kwenye miguu ya kapasita kubwa. Balbu ikamulika mara moja, ikafa. Umeme uliokuwa umejificha mle ndani baada ya kifaa kuzimwa ulikuwa umetoka. Kisha akainamisha bodi kwenye mwanga wa dirisha na kuiangalia kwa muda ambao mtu mwingine angekuwa ameshapiga simu mbili. Kapasita moja kichwa chake kilikuwa kimevimba, kidogo sana, kama tumbo la mtoto aliyeshiba. Nisingeliona. Yeye alipitisha ncha ya kidole juu ya kapasita zote kama anayepapasa punje kutafuta kokoto, akasimama pale pale.

Ya kuweka badala yake aliitafuta kwenye kopo la bodi zilizokufa. Ile mbovu ilikuwa ya mikrofaradi 4,700 na volti 25. Alipata yenye ujazo ule ule lakini ya volti 35. "Volti zikizidi si kosa," alisema. "Zikipungua, wiki ijayo yuko hapa tena, na safari hii ananitukana." Akaangalia mstari wa upande wa hasi mara mbili, akaingiza miguu, akaweka chuma cha kulehemu. Sekunde mbili, labda tatu. Lehemu ikang'aa kama tone la maji, ikatulia, ikakaa kama kichuguu chenye ncha. Akaivuta kidogo kwa koleo kuona kama imeshika. Kazi ya mikono haikuzidi dakika kumi. Kuangalia kulichukua nusu saa. Nadhani hapo ndipo penye ufundi wenyewe, katika ile nusu saa ambayo hakuna mteja anayependa kuilipia.

Tukiwa hapo akaingia mama mmoja, mkulima wa upande wa Mabogini, na mjukuu wake amebeba televisheni ya inchi 32 iliyofungwa khanga.

"Shikamoo mama. Karibuni."

"Marahaba mwanangu. Huyu mgeni wangu hajamaliza hata mwezi, kazimika."

Kutoka kwenye kikapu mama akatoa vitu kimoja kimoja akavipanga mezani kama anayepanga nyanya gengeni. Kile kiboksi cha kuchomeka ukutani ambacho huku tunakiita gadi. Waya wa HDMI wenye ncha za rangi ya dhahabu. Kadi ya waranti ya ziada. Risiti ya mashine ya televisheni, shilingi 380,000. Na kikaratasi cha mkono: gadi 35,000, breketi ya ukutani 25,000, waya 20,000, kuseti chaneli 15,000, waranti 30,000. Jumla 125,000 juu ya bei ya kifaa.

"Gunia langu zima la mpunga," alisema mama, "na chenji yake."

Mkulima wa huku hahitaji kuelezwa maana ya lumbesa. Ni lile gunia linaloshindiliwa hadi mdomoni, kisha likashonewa kofia juu yake, na mkulima akalipwa gunia moja. Sheria ya vipimo hairuhusu gunia kuzidi kilo 100, Wakala wa Vipimo wanasema hivyo kila msimu, na kofia bado zinashonwa. Nilipokitazama kikaratasi kile niliona lumbesa ile ile imegeuzwa kichwa chini. Akiuza, mama anatoa kilo asizolipwa. Akinunua, analipia vitu ambavyo hakuviomba. Pande zote mbili kofia inashonwa juu ya gunia lake.

Sitaki kumdharau kijana wa dukani, maana naye ana ufundi wake, tena si mdogo. Nimewahi kukaa asubuhi nzima katika duka moja mjini nikimsindikiza ndugu yangu, nikaona kazi ikifanyika. Kijana hakukimbilia bei. Alianza na salamu, kila shikamoo mahali pake, kisha akauliza: "Mzee wangu, unatokea upande gani?" Jibu la swali hilo ni nusu ya biashara. Ukisema Kibosho, ataulizia kahawa. Ukisema Chekereni, atatabasamu: "Kwenye mpunga! Mmeshavuna?" Hapo ameshajua mfuko una nini. Halafu akamkabidhi mteja rimoti na kunyamaza. Hilo lilinivutia kuliko yote. Hakusifu picha hata kwa neno moja. Alimwacha mtu abonyeze mwenyewe, kwa sababu aliyeshika rimoti ameshaanza kuiona televisheni iko sebuleni kwake. Kisha punguzo: "Nakutolea elfu kumi kwa kuwa ni wewe." Mteja akajiona mshindi.

Hofu huletwa mwisho, hela ikiwa mezani na boksi likifungwa kamba. "Mama yangu, hii bila gadi, TANESCO watakuulia wiki hii hii." Nani abishane kuhusu elfu 35 baada ya kukubali laki tatu na themanini? Na mlango ukishafunguka kwa gadi, waya na breketi na waranti vinapita kama maji kwenye mfereji.

Ana sababu zake. Wengi wa vijana hao hawana mshahara wa kueleweka. Wanaishi kwa cha juu, kama mawinga wa Kariakoo wanaokushika mkono tangu unaposhuka kwenye gari. Bei ya televisheni inajulikana, duka la jirani linayo ile ile, faida yake ni nyembamba. Bei ya gadi hakuna aijuaye. Riziki yake iko hapo. Wala si tabia ya Moshi peke yake. Uingereza, baada ya uchunguzi uliokamilika mwaka 2003, serikali ilitoa agizo mwaka 2005 kwamba bei ya waranti ya ziada ionyeshwe pamoja na bei ya kifaa chenyewe, na mnunuzi apewe siku 45 za kughairi. Wenzetu walio na maduka makubwa kama viwanja vya mpira nao walikuwa wanashonewa kofia.

"Dukani wanasemaje?" fundi aliuliza.

"Nimewapigia. Kijana kasema tatizo ni la umeme, waranti haihusu umeme."

Fundi alikaa kimya kidogo. Nikaona mdomo wake unajizuia. Mama alikuwa ameuziwa gadi kwa sababu ya umeme, na waranti kwa sababu ya gadi ikishindwa, na sasa umeme ndio uliokuwa nje ya waranti. Mtu angeweza kutoa hotuba pale. Yeye aligeuza televisheni.

Akamwita mjukuu asome kibandiko kwa sauti. Mtoto akasoma, kidole kikifuata maandishi: AC, mia moja mpaka mia mbili arobaini, volti. "Umesikia mama? Hii yako inavumilia. Umeme wetu ni 230. Hata ukishuka mpaka 150, yenyewe inaendelea kuonyesha taarifa ya habari."

Hapa fundi wa pupa angeshafungua. Nawajua wawili mjini ambao wangesema "paua imekufa" kabla televisheni haijagusa meza, na kwa sauti yenye uhakika wa daktari bingwa. Huyu alichukua mita. Akapima soketi ya ukutani: 221. Akachomeka gadi kwenye soketi hiyo. Taa yake ya kijani ikawaka, nzuri kabisa, na pembeni yake maneno ya Kiingereza kwamba sasa umelindwa. Akaingiza ncha za mita kwenye matundu ya gadi. Sifuri. Akatoa, akapangusa ncha kwa shati, akapima tena. Sifuri.

"Taa inasema ndiyo," alisema. "Mita inasema hapana."

Akachomeka televisheni moja kwa moja ukutani. Ukapita muda mfupi wa kioo cheusi, kisha nembo, kisha sauti ya mhubiri katikati ya sentensi.

"Yesu wangu!" mama alishika kichwa. Mjukuu akaangua kicheko hadi akakaa chini.

Mimi ningeishia hapo. Fundi aliomba ruhusa kwanza, "Mama, naweza kukifungua hiki?", na alipokubaliwa akafungua gadi, skrubu mbili. Ndani mlikuwa na nyaya tatu, swichi, rezista moja, na kile kijitaa. Basi. Lehemu ya waya mmoja ilikuwa imepasuka, ndiyo maana umeme haukuvuka. Hata kabla ya kupasuka, kiboksi hicho hakikuwa na chochote cha kumlinda mtu. Kilikuwa soketi yenye taa.

Kisha akapanda juu ya kigoda, akashusha gadi nyingine ya zamani kutoka rafu ya juu, akaifungua na kuiweka ubavuni mwa ile. Sikutegemea. Hii ilikuwa na bodi, na relei ya ukubwa wa kiberiti, na kidude cha mviringo cha buluu kama kifungo cha koti. "Hiki cha buluu ndicho kinachokula umeme ukija kwa kishindo, chenyewe kinakufa ili kifaa kipone. Na hii relei inasubiri. Umeme ukirudi, haifungui njia mpaka dakika tatu nne zipite." Akaichomeka tusikie. Tukasubiri wote, hata mjukuu akanyamaza. Ikasema *tik*.

"Kusubiri huko ni kwa ajili ya friji," aliendelea. "Kompresa ikizimwa ghafla na kuwashwa papo hapo, gesi haijatulia, inasukuma ukuta. Friji bila gadi ya kweli huku kwetu sikushauri, mama. Televisheni haihitaji kusubiri kitu. Kwa hiyo kijana hakukudanganya kwamba gadi zina kazi. Alikuuzia jina la gadi."

Nimesikia watu wengi wakilalamika kuhusu maduka, nami ni mmoja wao, na malalamiko yetu yote yana ladha moja: wezi, wote wezi. Fundi huyu hana muda na ladha hiyo. Alimchambulia mama vitu vyake vitano kama anayepeta mchele. Breketi: chuma kizuri, bei imezidi, lakini ina kazi, watoto hawataiangusha televisheni. Waya wa dhahabu: picha ya HDMI ama inafika ama haifiki, dhahabu haiongezi rangi, waya uliokuja na king'amuzi ungetosha. Kuseti chaneli: rimoti hufanya yenyewe, akambonyezesha mjukuu hatua zote ili siku nyingine asilipwe mtu. Waranti: akaisoma mbele na nyuma, akaigeuza tena. Televisheni ina ya mwaka mmoja ya kiwandani tayari, ndani ya boksi, ya bure. Ile ya elfu 30 ilianza siku moja na hiyo ya bure, na ingeisha siku moja nayo.

Juu ya hilo mama alikasirika kuliko juu ya gadi.

Fundi akamwonyesha jambo ambalo sisi wawili hatukuliona. Televisheni ilikuwa na risiti ya mashine. Vile vya juu vyote vilikuwa kwenye kikaratasi cha mkono, bila jina la duka wala muhuri. "Hiki mama ukienda nacho popote watakuuliza, kimetoka wapi?" Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi, na Tume ya Ushindani ipo kwa kazi hiyo, lakini mlalamikaji anatakiwa kuwa na karatasi yenye kusema. Mama alikunja kikaratasi mara nne akakitia kifundoni mwa khanga, na sura yake ilinionyesha kwamba Jumatatu kuna duka litapata mgeni.

Alipokuwa anavirudisha vitu kikapuni, mjukuu alitoa mfukoni kadi ndogo ya simu, memori ya GB 64 aliyonunua kwa kijana wa stendi. Nyimbo za mwanzo zinapotea kila akiweka mpya. Fundi hakutoa jibu. "Niachie mpaka kesho." Ataijaza yote hadi pomoni, kisha aisome tena faili kwa faili aone zipi zimerudi nzima; kadi ya GB 8 inaweza kufundishwa kusema ni 64, ila haiwezi kuzibeba. "Debe hulijui kwa kusoma ubavuni," alimwambia mtoto. "Unamimina."

"Nikupe shilingi ngapi mwanangu?"

"Elfu tatu mama. Ya kupima."

Mama akatoa tano, akasubiri chenji yake, akahesabu. Fundi akafunga vipande vya gadi ile kwenye gazeti, skrubu zote mbili zikiwemo, akavitia kikapuni. "Hivi ni vyako." Hana kawaida ya kubaki na kitu cha mtu, hata kibovu. Kisha akararua ukurasa wa daftari akaandika kwa herufi kubwa vitu vya kuangalia siku mama atakapokwenda kununua friji: volti za nyuma, relei inayosikika, dakika za kusubiri, risiti moja ya vitu vyote. Televisheni ikafungwa khanga, mjukuu akaibeba.

Ikabaki redio yangu. Aliigeuza, akafungua kifuniko cha betri, akaangalia kwa muda mrefu kuliko nilivyoona kuna haja. Springi moja ilikuwa imeshika kutu. Aliisugua kwa kipande cha msasa, akarudisha betri zile zile, redio ikaamka. Akanidai mia tano.